Mabuu wa Kasarani na ile asilimia 11.7

Mwaka 2024 watafiti wa icipe, kile kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani jijini Nairobi, walichapisha katika jarida la Scientific Reports matokeo ambayo kwa wiki chache yalienea dunia nzima. Waligundua kwamba mabuu wa mbawakawa mmoja mdogo mweusi anayepatikana hapa Kenya wanaweza kula polistairini, lile povu jeupe linalokuja limeikumbatia runinga mpya ndani ya boksi, na kuivunjavunja tumboni mwao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mabuu hawa, ambao asili yao ni Afrika, kuthibitishwa kuwa na uwezo huo. Habari zikatoka kwa vichwa vya wadudu wanaokula plastiki, na Nairobi ikagawanyika. Wako walioona kwamba jaa la Dandora limepata mwarobaini. Wako pia waliokunja uso, na hao ndio ninaotaka kuzungumza nao hasa, maana hoja zao ni nzito na nyingi ni za kweli, lakini naona wanapambana na jambo ambalo watafiti wenyewe hawakulisema.

Nianze na hofu yao, kwa sababu haikutoka hewani. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne. Juni 2020 ikafuata marufuku ya plastiki za kutumika mara moja katika mbuga, misitu na fukwe. Machi 2022, hapa hapa Gigiri, kwenye makao ya Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, mataifa yaliazimia kuandika mkataba wa dunia wa kumaliza uchafuzi wa plastiki, na tangu hapo mkataba huo umekwama: Busan mwishoni mwa 2024, kisha Geneva Agosti 2025. Moja ya mambo yaliyoukwamisha ni swali la kama mataifa yakubali kupunguza utengenezaji wenyewe wa plastiki au yajifunge tu kusafisha taka zake. Mtu aliyetumia miaka kupigania upande wa kupunguza, akisikia kuna mdudu anayekula plastiki, lazima ashtuke. Anamwona tayari mwenye kiwanda akisimama mbele ya kamati na kusema, kwa nini tuharakishe, wadudu si wapo?

Halafu kuna hoja ya kikemia, ambayo nadhani ndiyo kali zaidi. Kutafuna si kumeng'enya. Mdudu mwenye meno makali anaweza kulisaga povu likawa vumbi, akalipitisha utumboni na kulitoa upande wa pili likiwa plastiki ile ile, isipokuwa sasa ni chembe ndogo zisizookoteka. Fani hii imewahi kujikwaa hapo. Mwaka 2017 Federica Bertocchini na wenzake walitangaza kwamba mabuu wa nondo wa nta, wale wanaoharibu mizinga ya nyuki, wanatoboa mifuko ya plastiki na kuimeng'enya. Mwaka huo huo wanakemia wa Ujerumani walijibu kwamba dalili iliyosomwa kama plastiki iliyovunjika ingeweza kutokana na mabaki ya miili ya mabuu waliopondwa juu yake. Mwaka 2022 kundi la Bertocchini likarudi na vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja vitu, kutoka kwenye mate ya mabuu hao. Mwaka 2024 maabara nyingine ilipojaribu kuthibitisha kazi ya kimojawapo, haikuona kilichodaiwa. Anayesema tusishangilie mapema ana historia upande wake.

Wanataja pia hatari ya vijidudu. Mbawakawa huyu, ambaye ukoo wake wa kisayansi unaitwa Alphitobius, ni msumbufu mkubwa katika mabanda ya kuku kote duniani, na anajulikana kubeba Salmonella kutoka kundi moja la kuku hadi jingine. Na miongoni mwa bakteria waliopatikana katika matumbo ya mabuu waliolishwa polistairini wamo Klebsiella na Citrobacter, koo ambazo baadhi ya wanachama wake huwaletea watu magonjwa, hasa wagonjwa waliolazwa hospitalini. Mtu wa afya ya umma akisikia tunataka kuwafuga kwa wingi ana haki ya kuuliza maswali.

Mwisho kuna hesabu. Mwaka 2015 watafiti wa Stanford na wenzao wa Beijing walipima mabuu wa jamii ya karibu, wale wa manjano wanaouzwa kama chakula cha ndege wa kufugwa. Mabuu 100 walikula miligramu 34 hadi 39 za povu kwa siku. Ukipiga hesabu, kumaliza kilo moja ya povu kwa siku moja kunahitaji mabuu kati ya milioni 2.5 na milioni 3. Dunia, kwa makadirio ya shirika la OECD, ilizalisha tani milioni 353 za taka za plastiki mwaka 2019 peke yake. Mtu akiziweka nambari hizo mbili mezani na kuinuka kwenda zake, naelewa.

Lakini nani aliyesema mabuu wataachiliwa Dandora?

Fathiya Khamis, mmoja wa wanasayansi walioongoza kazi hii, ameeleza hadharani kwamba kumwaga mamilioni ya wadudu kwenye majaa si jambo linalowezekana na si lengo lao. Kinachotafutwa ni vijidudu walio ndani ya tumbo la buu, na vimeng'enya ambavyo vijidudu hao hutengeneza. Buu ni mlango. Amekuwa akiishi na bakteria hao, akiwalisha, akiwapa joto na unyevu, na wao wakimfanyia kazi ambayo mwili wake mwenyewe hauwezi. Ukishawafahamu, unaweza kuwatoa, kuwakuza katika chombo na kuwachunguza mmoja mmoja, na humhitaji tena mdudu. Kwa hiyo hesabu ya mabuu milioni tatu kwa kilo, ingawa ni sahihi, inapima kitu ambacho hakuna aliyekipendekeza. Inasikitisha kuona hoja nzuri ikitumiwa mahali pasipo pake, na inasikitisha zaidi kwa sababu vyombo vyetu vya habari ndivyo vilivyopeleka mjadala huko kwa kuweka picha ya mdudu mbele na kuacha bakteria wasitajwe kabisa.

Sasa tuje kwa ile nambari inayorushwa huku na huku. Asilimia 11.7. Katika jaribio lililochukua zaidi ya mwezi mmoja, mabuu waliolishwa polistairini iliyochanganywa na pumba za ngano waliivunja takriban asilimia 11.7 ya polistairini yote waliyopewa. Wapinzani wameipokea nambari hii kama hukumu: zaidi ya sehemu nane katika kila kumi haikuvunjwa. Ni kweli. Lakini fikiria ni nini hasa kilichopimwa. Hawa ni mabuu wa kawaida, hawakuchaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa uwezo wa kula plastiki kama tunavyochagua ng'ombe kwa maziwa. Bakteria wao hawakuongezwa wala kubadilishwa. Hiyo asilimia 11.7 ni kiasi ambacho maumbile, bila kuombwa na mtu, tayari yanaweza kufanya kwa kitu ambacho hakikuwapo duniani kwa wingi hadi karne iliyopita. Tumezoea kuambiwa kwamba povu hili litakaa ardhini mamia ya miaka. Kisha tunaletewa kiumbe kinachoanza kulifungua kwa wiki chache, nasi tunauliza kwa nini hakulimaliza.

Anayetaka kushangilia naye asiionee nambari hii. Ipo takwimu nyingine maarufu, kwamba ni asilimia 9 tu ya taka za plastiki duniani zinazorejelezwa, na ni rahisi kuziweka pamoja na kusema mabuu wa Kasarani wameushinda ulimwengu. Hapana. Moja imepimwa kwa vipande vya povu katika vyombo vya maabara, nyingine ni ya viwanda, malori na nchi zaidi ya mia. Tena hiyo 11.7 haisemi iliyobaki ilikwenda wapi hasa, ni kiasi gani hakikuguswa na ni kiasi gani kilipita tumboni kikiwa chembe. Hilo ni swali la halali, na ndilo ningependa lijibiwe kwanza katika utafiti unaofuata.

Kilichonivutia zaidi kuliko nambari yenyewe ni pumba. Kulikuwa na makundi matatu: waliolishwa povu peke yake, waliolishwa pumba peke yake, na waliochanganyiwa. Waliochanganyiwa waliishi kwa kiwango kikubwa kuliko wale wa povu tupu, na walilila povu vizuri zaidi. Mtu anaweza kudhani mwenye pumba angeachana na plastiki, maana nani ataacha chakula ale boksi? Haikuwa hivyo, na sababu inaeleweka ukitazama povu limeumbwa na nini. Polistairini ni kaboni na hidrojeni tu. Haina naitrojeni hata kidogo, na bila naitrojeni hakuna kiumbe kinachoweza kujenga protini. Buu wa povu tupu ana kuni lakini hana matofali. Pumba zinampa anachokosa, anapata nguvu, na bakteria wake vilevile. Hilo linatufundisha jambo la vitendo: yeyote atakayejaribu kuwakuza bakteria hawa juu ya plastiki itambidi awape kitu kingine pembeni, na katika nchi inayosaga ngano na mahindi kila siku, pumba hazikosekani.

Wafugaji wa kuku, kwa kweli, walikuwa wamekaribia ugunduzi huu bila kuitwa wanasayansi. Ingia katika banda la kuku wa nyama kule Kikuyu au Ruai wiki chache baada ya kuingizwa vifaranga. Inua matandiko ya maranda chini ya kilishio, pale palipo na joto na vumbi la chakula kilichomwagika, utaona udongo mzima unacheza. Mabuu wembamba, rangi ya chai ya maziwa, urefu usiozidi kucha ya kidole, wanakimbia mwanga na kujizika. Katika nchi za baridi, ambako kuta za mabanda huwekewa mbao za povu kuzuia baridi, wafugaji wamelalamika kwa miaka mingi kwamba wadudu hawa wanatoboa povu hilo hadi ukuta unabaki kama sega la nyuki. Lalamiko hilo liliandikwa katika vitabu vya wadudu waharibifu, na kwa muda mrefu wachache walijali kuuliza kama kilichotobolewa kilikuwa kinavunjwa pia.

Kwamba kazi inafanywa na bakteria si kisio. Wale watafiti wa 2015 waliwapa mabuu wao wa manjano dawa ya jentamaisini, antibiotiki ile ile inayotumika hospitalini, na uwezo wa kuivunja polistairini ukafifia. Mabuu walikuwa hai, meno yalikuwepo, povu liliingia tumboni, lakini halikuvunjwa kama mwanzo. Huko Kasarani, matumbo ya mabuu waliolishwa polistairini yalikutwa na bakteria zaidi wa makundi ya Proteobacteria na Firmicutes, miongoni mwao Kluyvera, Lactococcus na wale wawili niliowataja awali. Hii ndiyo orodha yenye thamani. Ni kama kupewa majina ya mafundi baada ya kuiona nyumba.

Na tuna mfano wa mahali orodha kama hiyo inaweza kufika. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walieleza kimeng'enya cha kuvunja plastiki walichokipata katika mboji ya majani na matawi. Mwaka 2016 Wajapani wengine walichukua sampuli karibu na kiwanda cha kurejeleza chupa katika mji wa Sakai, wakapata bakteria anayekula PET, plastiki ya chupa za maji na soda. Bakteria huyo alihitaji takriban wiki 6 kumaliza kipande chembamba cha plastiki hiyo. Wakati ule pia watu waliuliza, wiki 6 kwa kipande kama ukucha, itatufaa nini? Mwaka 2020 watafiti wa Ufaransa walichapisha katika jarida la Nature kimeng'enya kilichoboreshwa kutoka kile cha mboji, kinachoivunja asilimia 90 ya PET katika saa 10, na kurudisha malighafi inayoweza kutengenezea chupa mpya. Kutoka rundo la majani yanayooza hadi hapo ilikuwa miaka minane.

Sitaki kuficha tofauti, maana ni kubwa. Minyororo ya PET ina viungo ambavyo maumbile yanavijua, vinavyofanana na vile vya nta ya majani na mafuta, na vimeng'enya vya kuvikata vimekuwepo tangu zamani. Uti wa polistairini ni kaboni iliyoshikana na kaboni, kiungo kigumu mno kukatwa. Kimeng'enya chenye nguvu ya kuaminika cha kazi hiyo bado kinatafutwa duniani kote: Australia wanatafuta kwa mabuu wakubwa wa mbawakawa mwingine aitwaye Zophobas, China wanatafuta, Marekani wanatafuta. Inawezekana kabisa kwamba bakteria wa Kasarani hawatafika popote kiwandani. Mimi naona ugumu huo ndio unaoipa kazi yao uzito. Katika kitu ambacho hakijapatikana, kila tumbo jipya lenye bakteria wa ukoo tofauti, waliozoea joto letu na vyakula vyetu, ni mahali papya pa kutafutia, na Afrika ilikuwa haijatafutwa.

Wanaosema tupunguze tu matumizi, ningeomba watembee na waokota taka wa Dandora nusu siku. Jaa lile lilianza miaka ya 1970 na likatangazwa limejaa mwaka 2001, na bado magari yanamwaga. Kila kinachoweza kuuzwa kinaokotwa: chupa, mitungi, vyuma, karatasi, mifupa. Povu jeupe linaachwa. Halina mnunuzi kwa sababu karibu lote ni hewa, asilimia kama 98. Kilo moja yake inajaza karibu nusu gunia, na hakuna mwenye mkokoteni atakayesukuma nusu gunia la hewa hadi kwenye mizani apate bei ya kilo moja. Kwa hiyo linabaki, linavunjika kwa jua, linakuwa vijitufe vidogo vinavyonata mkononi hata ukivikung'uta, mvua ikija vinaingia mtaroni, kutoka mtaroni vinaingia Mto Nairobi. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 ungeviona vimeng'ang'ania vichaka vya kingo za mto kwa urefu ambao maji yalifika.

Na povu halipungui mjini, kwa maana jipya linaingia kwa njia zenye faida. Shirika la Taifa la Nyumba lina kiwanda Mavoko cha kutengeneza paneli za ujenzi kutokana na povu hilo hilo. Ni nyepesi, zinajengeka haraka, na mwananchi anayetafuta nyumba ya bei nafuu hana sababu ya kuzikataa. Siku moja nyumba hizo zitabomolewa. Hata tukikubaliana kesho kwamba kusitengenezwe kibakuli kimoja zaidi cha chakula cha povu, kile kilichokwisha kutengenezwa kitakuwa bado kipo, na sheria haina uwezo wa kukiyeyusha. Marufuku inashughulika na plastiki inayokuja. Hii iliyokwisha kufika inahitaji kazi nyingine, na kazi hiyo ni ya kikemia ama ya kibiolojia. Kuchoma tayari tunakujua. Moshi wake wanauvuta wakazi wa Dandora na Korogocho.

Kwa hiyo sioni ugomvi wa kweli kati ya mwanaharakati wa Gigiri na mtafiti wa Kasarani. Kama mwenye kiwanda atamtumia buu kama kisingizio, kosa ni la mwenye kiwanda, na dawa yake ni kumbana na kanuni za mwaka 2024 zinazomtaka mtengenezaji awajibike kwa taka ya bidhaa yake hadi mwisho. Kumdharau mtafiti hakumpunguzii mwenye kiwanda hata chembe.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nitake habari hii ichukuliwe kwa uzito, na sioni ikitajwa. Mapema miaka ya 1990 watafiti kutoka Uingereza walichukua sampuli za vijidudu katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Bogoria likiwamo. Vijidudu hao, waliozoea maji ya moto na magadi makali, walitoa vimeng'enya ambavyo kampuni moja ya Marekani ilivitumia kuipa nguo za jinzi ule mfifio unaopendwa. Kenya ilikuja kugutuka baadaye. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipaza sauti kudai mgao, wakati bidhaa zilikuwa sokoni zamani. Mwaka 2007 shirika hilo lilitia saini makubaliano na kampuni nyingine, ya Denmark, juu ya matumizi ya vijidudu wa aina hiyo, na huo ukawa mwanzo wa sisi kuwa na neno katika jambo letu. Tangu 2014 Itifaki ya Nagoya imeanza kutumika, na inasema nchi yenye kiumbe ina haki ya kugawiwa faida yake.

Ukiikumbuka Bogoria, unaona kwa nini kumcheka buu wa Kasarani ni hasara. Wakati ule mali ilikuwa kijidudu asiyeonekana, kilichoondoka nchini ndani ya chupa ndogo bila mtu kujua thamani yake. Safari hii kijidudu kimegunduliwa na watafiti walioko hapa, katika maabara ya hapa, kutoka kwa mdudu wa hapa, na kimeandikwa kwa majina yao. Hiyo ni tofauti kubwa mno. Kituo hicho kiliasisiwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, Mkenya, akisisitiza kwamba Mwafrika ana uwezo wa kufanya sayansi ya kiwango cha juu akiwa kwao, na kazi kama hii ndiyo aliyoipigania. Sisi tukiishusha hadhi kwa sababu haijasafisha Dandora ndani ya mwaka mmoja, wengine wenye maabara kubwa hawataishusha. Wataisoma makala ile mstari kwa mstari, waagize mabuu, waendelee pale tulipoachia.

Yanayotakiwa kufanyika sasa yanajulikana. Bakteria wale wakuzwe kila mmoja peke yake juu ya polistairini, ionekane ni nani hasa anayekata mnyororo na nani aliyekuwa mpangaji tu. Kinyesi cha mabuu kipimwe kwa ajili ya chembe za plastiki na kwa ajili ya staireni, kemikali ambayo tangu 2018 wataalamu wa saratani wa Umoja wa Mataifa wameiweka katika kundi la zile ambazo huenda husababisha saratani kwa binadamu. Kipimo hiki kina haraka kwa sababu ya jambo la kawaida kabisa: wafugaji wetu wanaanza kulisha kuku kwa wadudu, Ulaya imeruhusu mabuu wa jamii hii kuliwa na watu tangu Januari 2023, na mtu mwenye povu la bure na kuku wenye njaa atajaribu kuviunganisha kabla ya kuulizwa. Hadi vipimo vitoke, shirika la viwango liseme waziwazi kwamba buu aliyelishwa plastiki si chakula cha kuku wala cha samaki.

Hayo yote yanataka fedha, na mkono mtupu haulambwi. Serikali yetu ilijiwekea shabaha ya kutenga asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti, na haijawahi kuifikia. Kazi nyingi za aina hii zinaendeshwa kwa ufadhili wa nje, ambao ukikatika katikati bakteria hubaki kwenye jokofu. Kabla ya mfadhili au kampuni yoyote kuondoka na sampuli za Kasarani, Mamlaka ya Mazingira na Tume ya Sayansi ziwe na karatasi iliyotiwa saini inayosema bakteria hao walitoka wapi, wamehifadhiwa wapi, na Kenya itapata nini iwapo mmoja wao atakuja kufanya kwa povu kile ambacho kimeng'enya cha mboji kilifanya kwa chupa.